UZI: Jumba la Delamere kule Cheshire, lililokamuliwa ili Njoro ipate kunyonya

#1 Kijana wa Weaver

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Kipindi nafuata vitenge Kampala, basi likishatoka Nairobi lilikuwa linasimama Naivasha kwenye duka la Delamere. Usingizi umekukaba, unashuka, unajinyoosha, unanunua yogati, unarudi kwenye kiti chako. Jina lile nimelisoma kwenye vikopo mara nyingi na sikuwahi kujiuliza ni la nani. Kichwani kwangu nilishaamua kwamba ni la ng'ombe.

Sasa nipo Uingereza mwaka wa tatu, Cheshire, mji unaitwa Northwich. Natunza wazee majumbani. Wiki ya kwanza nimepanda treni kutoka Manchester, kwa ugeni nikapitiliza kituo changu. Kuja kushtuka treni imesimama porini, miti mitupu, na kibao mbele ya dirisha kimeandikwa: DELAMERE. Nilicheka peke yangu behewani hadi mama wa kiti cha mbele akageuka.

Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia huo ni msitu, Delamere ni jina la msitu kabla ya kuwa jina la mtu, na hao watu wako wa Kenya jumba lao lipo hapa, kilomita chache kusini, kwenye kona ya mto Weaver. Linaitwa Vale Royal. Tangu hapo nimekuwa nalifuatilia kila nikipata siku ya mapumziko, na leo nimeamua kulimwaga hapa. Kenya tunaijua hadithi hii kuanzia 1897, pale Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Njoro kwenye Bonde la Ufa, alipotokea. Mimi nitaianza 1277.

Hapo palikuwa na abasia. Walio karibu na Ndanda au Peramiho wanajua abasia ni nini: kanisa kubwa, wamonaki, mashamba, kinu, kila kitu ndani. Mfalme Edward wa Kwanza, inasimuliwa, alipokuwa bado mwana wa mfalme alikumbwa na dhoruba baharini, akaweka nadhiri kwa Bikira Maria: nikifika salama nakujengea abasia. Akafika. Wamonaki wakaanzia sehemu inaitwa Darnhall, pakawashinda, wakahamishiwa mtoni. Agosti 13, 1277 mfalme na malkia wake Eleanor wakaja wenyewe kuweka mawe ya msingi. Mfalme akapabatiza jina, Vale Royal, yaani Bonde la Kifalme. Fundi mkuu alikuwa Walter wa Hereford. Mpango ulikuwa kanisa kubwa kuliko kanisa lolote la Wasistersiani (shirika la hao wamonaki) Uingereza, lenye urefu wa zaidi ya mita 115. Uwanja wa mpira, goli hadi goli, na bado unabaki.

Halafu hela ikakata. Mfalme alikuwa anapigana na Wales na kujenga ngome moja baada ya nyingine, na mawe na mafundi vyote vikavutwa kwenda huko. Mwaka 1290 akatangaza kwamba ujenzi wa Vale Royal haumhusu tena, basi. Hata Walter mwenyewe baadaye alikwenda kusimamia ngome ya Caernarfon. Wamonaki wakabaki kwenye vibanda vya muda hadi 1330. Na mwaka 1359 upepo ukaja ukaangusha sehemu kubwa ya kanisa.

Nimeandika kirefu kidogo hapa kwa sababu hii tabia ya mtu kuanzisha kitu Cheshire halafu fedha ikakimbilia kwingine itarudi tena. Naenda kazini, naendelea usiku.

#2 Mama Ashura

Nimetandika mkeka, chai ipo. Usije ukapotea kama yule wa uzi wa meli.

#3 Bwana Shamba 77

Mkuu mbona umewaruka wakulima? Hiyo abasia ilikula nini miaka yote hiyo? Wamonaki hawali nadhiri.

#4 Kijana wa Weaver

Bwana Shamba umenikamata. Mfalme alipowapa wamonaki ardhi, aliwapa na watu waliokuwa juu yake. Wanakijiji wa Darnhall na Over walikuwa wanasema sisi ni watu huru, tulikuwa chini ya taji. Abati akasema hapana, ninyi ni watwana wangu: ukioza binti unanilipa, ukifa nachukua sehemu ya mali yako. Ugomvi ukaenda miongo. Walishitaki, wakafungwa, wakatoka, wakashitaki tena. Mwaka 1336 ikawa vita kabisa. Walimfuata mfalme mwenyewe kupeleka malalamiko, na kule Rutland, safari ya siku kadhaa kutoka kwao, wakamkuta Abati Peter njiani na watu wake, wakamvamia. Mtumishi wake mmoja akafa. Mwisho wa yote wanakijiji walishindwa na kurudishwa kwenye utwana wao. Miaka michache tu baadaye huyo Abati Peter naye aliuawa.

Kwa hiyo kabla hata hatujamfikia mwenye jumba wa kwanza, ardhi ile tayari ilikuwa na kesi.

#5 Kijana wa Weaver

Tuendelee. Mwaka 1538 Henry wa Nane, yule wa wake sita, aliifunga Vale Royal kama alivyofunga abasia nyingine zote. Ilikuwa serikali inataifisha mali ya kanisa, halafu inawauzia watu wake. Wengi wa matajiri wa mashamba wa Uingereza ukiwafuata nyuma unafikia hapo: babu alikuwa karani, au mtu wa karibu na ikulu, akawa sehemu sahihi siku ya mgao.

Hapa aliyekuwa sehemu sahihi anaitwa Thomas Holcroft. Alikuja kama mtu wa serikali kusimamia ufungaji, akaishia kuwa mwenye mali. Kanisa lote lile akalibomoa. Akabakiza majengo ambayo yangefaa kuishi: bwalo la wamonaki, jiko, vyumba vya abati. Akayazungushia nyumba yake. Ndiyo maana Vale Royal ukiitazama leo haina sura moja. Unaona jumba la kitajiri, lakini ndani ya mbavu zake kuna mbao na kuta za watu waliokuwa wanaamka usiku kusali.

Familia ya Holcroft haikudumu. Mwaka 1615 jumba lilinunuliwa na mjane mmoja, Lady Mary Cholmondeley. Huyu mama nampenda. Mwanawe mkubwa alirithi makao makuu ya ukoo, mama akajinunulia jumba lake. Agosti 1617 Mfalme James alikuja kwake kuwinda paa, akafurahi mno, akawapa watu wawili wa familia vyeo vya heshima. Baadaye akamwandikia: walete wanao ikulu, nitawainua. Mama akakataa. Mfalme wa Uingereza anakuahidi vyeo kwa watoto wako na wewe unamjibu hapana, wanangu wanakaa nyumbani. Mfalme akambandika jina, Bibi Jasiri wa Cheshire. Alipofariki mwaka 1625 jumba likaenda kwa mtoto wake wa nne, Thomas, na hilo ndilo tawi linalotufikisha Naivasha.

#6 Mama Ashura

Hilo jina la ukoo linatamkwaje? Nimejaribu mara tatu, ulimi umefunga breki.

#7 Kijana wa Weaver

Shika kiti, dada. Linatamkwa "Chamli". Herufi 12 zimeandikwa, silabi mbili zinatoka mdomoni. Mimi nililitamka herufi kwa herufi mbele ya yule mzee, alicheka hadi nikamletea maji.

#8 Fundi Umeme wa Tabora

Chamli! Na wao ndio walituambia lugha zetu hazina utaratibu wa maandishi.

#9 Kijana wa Weaver

Karne mbili zinazofuata nazipitisha haraka. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa upande wa mfalme, kwa hiyo wanajeshi wa Bunge chini ya Jenerali Lambert wakaja wakapora jumba na kuchoma bawa la kusini. Wakakaa hivyohivyo na kovu lao. Mwaka 1821 Thomas Cholmondeley akapewa ubaroni, akachagua jina kutoka ule msitu jirani: Baroni Delamere wa Vale Royal. Wakati huo ukoo ulikuwa na fedha na kiherehere cha kujenga. Mchoraji Edward Blore aliitwa miaka ya 1830 kujenga bawa jipya pale palipoungua. Kisha miaka ya 1860 akaja John Douglas, mtu wa Cheshire hiyohiyo, akairekebisha tena upande wa kusini. Huyo Douglas ndiye pia aliyelifanyia kazi kanisa la kijiji cha Whitegate, geti kwa geti na jumba. Nimeingia humo, nguzo zake ni za mti wa mwaloni na siyo za mawe, ukigonga kwa kidole zinajibu kama mlango.

Sasa wakuu hapa ndipo uzi unapogeuka, naomba tuelewane vizuri.

Jumba kama lile halikuishi kwa mshahara wa mtu. Liliishi kwa kodi za wapangaji. Baroni ana ekari elfu kadhaa, amezigawa kwa wakulima, kila msimu wanalipa, naye kwa fedha hiyo anaezeka bati la risasi, analisha farasi, analipa mpishi. Mfumo huo ulisimama muda mrefu sana. Uliyumba kuanzia miaka ya 1870, Marekani ilipopata reli na meli za mvuke na ngano ya nyanda zake ikaanza kutua Liverpool kwa bei ya kutupa. Mkulima wa Kiingereza hakuiweza bei hiyo. Akashindwa kulipa kodi, mwenye shamba akapunguza kodi, na jumba likaanza kusikia baridi. Mwaka 1894 serikali ikaongeza juu yake kodi ya mirathi. Kila mwenye nyumba akifa, serikali inagonga mlango.

Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1887, Baroni wa pili anafariki na jumba linamwangukia kijana wa miaka 17. Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu. Hajatulia, anapenda kamari, anapenda bunduki. Mwaka 1891 anakwenda Somalia kuwinda simba, akirudi Cheshire anaona kama amefungiwa kabatini, anakwenda tena, na tena. Mwaka 1894 simba alimkamata mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, ambaye aliruka juu ya simba kwa mikono mitupu ili bosi apate nafasi ya kuokota bunduki. Delamere akachechemea maisha yake yote. Huyo Abdullah asingeruka, uzi huu ungeishia kwenye makaburi ya Whitegate na Njoro ingekuwa na hadithi nyingine.

Desemba 1896 akaondoka Berbera na msafara wa ngamia, na mwaka 1897 akatokea upande wa kaskazini mwa Kenya ya leo, akashuka hadi Baringo, akaona nyanda za juu. Kijani, baridi, maji. Akaiona Cheshire isiyokuwa na wapangaji wanaolalamika.

#10 Mtoto wa Njoro

Isiyokuwa na wapangaji kwa sababu hakutaka kuwaona. Kijana wa Weaver, naomba nishike maiki hapa, hii sehemu ni ya kwetu.

Delamere alirudi kuishi mwaka 1903. Aliomba ardhi Laikipia, akanyimwa kwa kuwa ni mbali. Akaomba kati ya Naivasha na Nakuru, akaambiwa utagombana na Wamaasai. Mara ya tatu akapewa kwetu Njoro: ekari 100,000 kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, kwa sharti la kuweka pauni 5,000 shambani ndani ya miaka mitano. Fanyeni hesabu hiyo. Shilingi ngapi kwa ekari?

Na mwaka 1904 Wamaasai wakawekewa mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaambiwa hata Laikipia ondokeni, nendeni kusini. Walikwenda mahakamani. Kesi ikatupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba wao ni taifa lililofanya mkataba na taji, kwa hiyo mahakama ya koloni haina uwezo wa kuwasikiliza. Unaambiwa wewe ni taifa ili ushindwe kesi, na ukishashindwa unaswagwa kama mbuzi.

Sasa cha kuchekesha. Ile Njoro aliyopewa, Wamaasai walikuwa hawalishi pale. Wazungu wakadhani ni bahati, ardhi tupu. Delamere akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand, wakafa. Baadaye sana ndipo wataalamu wakagundua udongo ule umepungukiwa na madini, mnyama anakula ameshiba na huku anakonda. Mfugaji wa Kimaasai hakujua neno kobalti ila alijua ng'ombe wake. Akaleta ng'ombe wa kizungu, wakaingiwa na homa ya mapafu na ndigana kali. Akahamia ngano, ikaingia kutu. Mwaka 1906 akachukua Soysambu kule Elmenteita, kondoo wakaanza kupona.

Bibi yangu alizaliwa kwenye kambi ya vibarua ya shamba la mzungu huko juu, siyo la Delamere, jirani. Alikuwa anatuambia mshahara ulikuwa unalipwa nusu fedha nusu posho ya unga, na unga wenyewe ukipimwa kwa debe lililobonyezwa kiunoni. Mpaka anafariki alikuwa akinunua kitu sokoni kwanza anatia mkono ndani ya kipimo, anapapasa kiuno chake.

#11 Bwana Shamba 77

Kuhusu unga, jambo moja wengi hawalijui. Mwaka 1908 Delamere na wenzake walianzisha kampuni ya kusaga. Wakaiita Unga Limited. Neno letu kabisa. Hao hao wa unga wa Jogoo. Na KCC ya maziwa, 1925, mkono wake umo. Ngano nayo alimwajiri mtaalamu kwa fedha yake mwenyewe kutafuta mbegu inayostahimili kutu. Mimi ni bwana shamba, siwezi kusema kazi hiyo ilikuwa bure, mbegu ni mbegu. Ila swali langu kwa mwenye uzi: fedha yote hiyo ya kufia kondoo ilitoka wapi? Njoro haikuwa inaingiza kitu.

#12 Kijana wa Weaver

Asante Mtoto wa Njoro, sina cha kuongeza hapo, umenifunga. Na Bwana Shamba umeuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Ilitoka hapa ninapoandikia. Kila kondoo aliyekufa Njoro alikuwa amelipiwa na mkulima wa Cheshire. Delamere aliikopea Vale Royal, akaiwekea rehani, akachota kodi za wapangaji na kuzipeleka Mombasa. Jumba lenye bawa la Blore na ukarabati wa Douglas, huku mke wake, Lady Florence, anaishi Njoro kwenye kibanda cha udongo na nyasi. Nilipojua hivyo nilikaa kimya kidogo. Siyo kwa huruma, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimezoea kwamba mali inatoka Afrika inakuja kujenga majumba huku. Ipo mifano mingi ya hivyo, sukari ya Karibi na utumwa ndiyo uliojenga Harewood kule Yorkshire, hilo halina ubishi. Hapa nikakuta kinyume: jumba la kizungu linakamuliwa ili mzungu awe mkubwa zaidi Afrika kuliko alivyoweza kuwa kwao. Ekari elfu kadhaa za Cheshire ziligeuzwa ekari laki moja za Njoro, na Soysambu juu yake. Kwao alikuwa baroni mmoja kati ya wengi, na kodi zinashuka. Nairobi alikuwa anaingia hoteli ya Norfolk na farasi hadi sebule ya chakula na hakuna wa kumwambia kitu.

Mwaka 1907 jumba likapangishwa. Mpangaji alikuwa mfanyabiashara wa Manchester, Robert Dempster. Ukoo uliokataa ofa ya mfalme sasa unapokea kodi ya nyumba kutoka kwa mtu wa kiwandani, na kodi yenyewe inavuka bahari. Familia ya Dempster ilikaa pale karibu miaka 20.

Baroni wa tatu alifariki Novemba 1931, akazikwa Soysambu, siyo Whitegate kwa wazee wake. Aliacha madeni makubwa. Mwanawe Thomas akarudi Vale Royal mwaka 1934 kujaribu kuwa mwenye jumba, 1939 vita ikaingia, serikali ikalichukua kuwatibia wanajeshi. Baada ya vita akarudishiwa, na 1947 akaliuza.

Na hapo sijui mcheke au mlie. Aliyelinunua ni ICI, kampuni ya kemikali. Northwich yote inakaa juu ya chumvi, viwanda vyao vilikuwa hapa hapa. Na kwenye kiwanda chao cha Winnington, kilomita chache kutoka jumbani, ndipo mwaka 1933 wataalamu wao walipogundua polithini. Ndiyo, malighafi ya ule mfuko wa rambo. Ule uliopigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019, asili yake ni huku ninakonunulia mkate. Yule mzee wangu alifanya kazi ICI ujana wake wote. Nilimwambia kwetu ukikutwa nao unalipa faini, akasema kwake mkewe alikuwa anaifua na kuianika kwenye kamba.

ICI walilitumia jumba, wakachoka nalo. Mwaka 1977 likawa makao ya kuwatunza watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1998 likawa klabu ya gofu, na ndivyo lilivyo hadi leo.

#13 Kipara wa Mbagala

Samahani wadau. Nimesoma yote na bado nauliza, sisi inatuhusu nini jumba la mtu lililogeuzwa uwanja wa gofu? Tuna Kilwa inabomoka, hakuna anayeifungulia uzi.

#14 Kijana wa Weaver

Kilwa ifungulie wewe kaka, nitakuwa wa kwanza kuweka kambi. Hii nimeifungua mimi kwa sababu napita hapo na baiskeli.

Ila jibu la kweli: nilipokuwa mdogo niliaminishwa kwamba hawa watu walikuja na utajiri wa milele, walizaliwa nao, ni kama rangi ya ngozi. Ukifuata jumba moja tu unaona siyo hivyo. Ardhi ile ilitolewa kwa wamonaki na watu wake wakafanywa watwana, wamonaki wakanyang'anywa, mnyang'anyi akauza, mjane akanunua, mjukuu wa wajukuu akaweka rehani. Uingereza nzima karne ya 20 yalibomolewa majumba ya aina hii zaidi ya elfu moja. Matofali yaliuzwa, ngazi za marumaru zikaenda kwa mnada. Vale Royal ilipona kwa kuwa kila mara alitokea mtu mwenye shida ya nafasi kubwa.

#15 Shangazi wa Kilimani

Kwa wanaopenda umbea wa zamani, msisahau mwaka 1941. Earl wa Erroll alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari karibu na Nairobi. Aliyeshitakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, kwa wivu juu ya mkewe Diana, aliyekuwa na uhusiano na Erroll. Na huyu Broughton jumba lao ni Doddington, Cheshire hiyohiyo! Naye aliuza sehemu kubwa ya mashamba ya urithi, kamari ikiwa mbele. Mahakama ikamwachia huru Julai 1941, akarudi Uingereza, mwaka uliofuata akajiua hotelini Liverpool. Diana akaolewa na Gilbert Colvile, tajiri wa ng'ombe wa Naivasha, na mwaka 1955 akaolewa na nani? Thomas, Baroni Delamere wa nne. Yule yule aliyeuza Vale Royal.

#16 Mama Ashura

Shangazi wee! Cheshire nzima ilihamia Naivasha kugombania mwanamke mmoja?

#17 Fundi Umeme wa Tabora

Na yule mjukuu wa juzi juzi, aliyeua watu wawili Soysambu? Mbona kimya?

#18 Mtoto wa Njoro

Siyo kimya, tulikuwa tunaifikia. Mwaka 2005 Tom Cholmondeley, mjukuu wa huyo Thomas, alimpiga risasi askari wa wanyamapori, Mmaasai, aliyekuwa kazini bila sare. Mwanasheria mkuu akaiondoa kesi. Watu waliandamana. Mwaka uliofuata, shamba lilelile, akapigwa risasi mwanamume mwingine aliyekuwa anasemekana anawinda. Huyo kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya ujenzi. Mwaka 2009 mahakama ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akatumikia kifungo kifupi, na mwaka 2016 akafariki baada ya upasuaji hospitalini Nairobi. Sitaki tuigeuze kuwa kijiwe, wafiwa wapo na wanasoma mitandao.

#19 Kijana wa Weaver

Tuiache hapo kwa heshima.

Nimalizie na picha moja. Nilikwenda Jumapili asubuhi, ukungu umelala mtoni. Kwenye uwanja wa gofu, pale ilipokuwa altare kuu ya lile kanisa la mfalme, kuna mnara wa mawe wanauita Kaburi la Sista. Hadithi ya kijiji ni kwamba kuna sista alimuuguza abati, akazikwa hapo. Ukisogea unaona ni mabaki yaliyounganishwa: kichwa ni cha msalaba wa kale chenye picha nne, Yesu msalabani, Maria na Mtoto, Mtakatifu Katarina, Mtakatifu Nikolasi, nyuso zimefutwa na mvua. Nguzo ni ya wakati mwingine. Kitako ni mawe ya abasia. Familia ya Chamli ndiyo iliyousimamisha, kwa masalia ya kile alichobomoa Holcroft. Nimeweka kiganja kwenye jiwe, baridi kama samaki. Mzee mmoja na fimbo zake za gofu akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimetokea Naivasha. Hakunielewa.

#20 Shangazi wa Kilimani

Na sanamu ya Delamere ile ya Nairobi? Mama yangu anaikumbuka pale barabarani.

#21 Mtoto wa Njoro

Barabara yenyewe ilikuwa Delamere Avenue, tulipopata uhuru ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikang'olewa ikapelekwa Soysambu. Huko Elmenteita kuna kilima ukikitazama ni kama mtu amelala chali. Wazungu walikiita Pua ya Delamere. Wamaasai wana jina lao la zamani, mahali alipolala morani.

#22 Mama Ashura

Mwezi ujao nakwenda Kampala kwa basi. Kitaonekana kutoka barabarani?

#23 Mtoto wa Njoro

Kitaonekana. Chukua basi la mchana, ukitoka Nairobi kaa dirisha la kushoto. Ukishapita Gilgil usisinzie.